KUWAKINGA VIFARANGA NA MWEWE KATIKA MILIMA YA USAMBARA

Ni vigumu kuikuta kaya katika vijiji vya Lushoto, kuanzia Soni na Bumbuli hadi Mlalo na Mtae, isiyokuwa na kuku wawili watatu uani. Fedha ya kahawa na ya mboga huja kwa msimu wake, bali ya kuku hupatikana siku yoyote inapohitajika: mtoto anapodaiwa madaftari shuleni, chumvi inapokwisha, au mwanachama anapokumbushwa kumaliza malipo ya hisa zake. Hata hivyo ni nadra kukuta hasara ya kuku imeandikwa katika muhtasari wa mkutano wa chama cha msingi. Gunia la viazi likioza ghalani, kikao kizima hulijadili. Vifaranga 40 wa kijiji wakitoweka katika mwezi mmoja, hakuna anayenyanyua mkono. Huenda sababu yake ni kwamba kuku kwa desturi huwa mikononi mwa akina mama na watoto, ilhali wanaosema sana mikutanoni ni akina baba.

Hasara yenyewe si ndogo. Tetea wa kienyeji hutaga mayai kati ya 10 na 15, huatamia siku 21, kisha hutoka kiotani na vifaranga wake akiwaongoza kuchakura. Katika kuku wanaojitafutia, zaidi ya nusu ya vifaranga hao aghalabu hufa au hupotea kabla hawajafikisha miezi 2. Tetea akitotoa mara 3 kwa mwaka, vifaranga 10 kila mara, na wakasalia 3 kila mara, mwaka humalizika kwa kuku 9. Wakisalia 7, mwaka humalizika kwa kuku 21. Ziada hiyo ya kuku 12 inatoka kwa tetea yule yule, katika ua ule ule, bila ya kununua mbegu ya kigeni.

Lawama ya upotevu huu karibu yote hutupiwa mwewe. Watoto wa Afrika Mashariki hutambiwa tangu zamani kwamba kuku aliazima kifaa cha mwewe, wengine husema ni wembe na wengine sindano, akakipoteza. Ndiyo maana kuku huchakura ardhi akikitafuta hadi leo, na mwewe hujilipa kwa vifaranga. Hadithi hiyo inapendeza, lakini yafaa mfugaji asiitumie kama hesabu. Mwewe huonekana na watu wote mchana kweupe, na kilio cha koo husikika hadi nyumba ya jirani. Panya anayekokota kifaranga usiku hadi shimoni haonekani, wala baridi ya mwezi wa Julai inayowaua vifaranga watatu alfajiri haipigiwi kelele. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtambua mwizi.

Kila mwizi huacha alama yake. Mwewe hushuka kwa kasi, hunyakua kwa kucha na kupaa pasipo kutua. Haachi kitu chochote isipokuwa pengo katika hesabu. Kipanga, tofauti na mwewe, mara nyingi humwangusha kuku na kumnyonyoa papo hapo au chini ya mti wa karibu, na duara la manyoya hubaki pale. Nguchiro na kicheche wakiingia bandani huua kuku zaidi ya wanaoweza kula, na mizoga iliyong'atwa shingoni hukutwa asubuhi. Panya huchukua vifaranga wachanga sana, mmoja mmoja, tena usiku. Kunguru mkubwa mwenye baka jeupe nyuma ya shingo, anayeishi kwenye magenge ya milima hii, huiba mayai pamoja na vifaranga wa siku chache. Katika ua ambao vifaranga hupotea usiku, nyuzi zote zitakazotandazwa juu hazitamfaa mwenyewe hata kidogo.

Ndege wenyewe nao si wa namna moja, na hapa ndipo wengi hukosea. Neno mwewe hutumiwa kwa kila ndege mwenye mdomo uliopinda, lakini mwewe hasa ni yule wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo wa manjano na mkia uliogawanyika kama panda. Huyu hapendi misitu minene. Hupenda vijiji, masoko, machinjio na mashamba yaliyo wazi, na huelea juu akigeuza mkia huku na huko. Vijiji vilivyo ukingoni mwa milima, kama Mtae unaotazama mbuga za Mkomazi au Irente iliyo juu ya Mazinde, vina taabu zaidi, kwani jua likishapasha moto nyanda za chini, hewa hupanda kwenye magenge na kuwabeba ndege bila wao kupiga bawa. Tangu saa 3 au 4 asubuhi, ukungu unapoinuka, mwewe huweza kupita juu ya nyumba hizo mara nyingi kabla ya adhuhuri.

Kipanga ni mwingine. Yeye huja kutoka mitini, wala haelei juu ya ua. Hujificha ndani ya majani, hutulia kwa muda mrefu, kisha huchomoka chini chini kati ya migomba kama jiwe lililorushwa. Aliye mkubwa kuliko wote miongoni mwa vipanga, mweusi mgongoni, hupenda kujenga tundu lake katika miti mirefu, ikiwemo mikaratusi iliyopandwa na watu, na ana nguvu za kumwangusha kuku aliyekwisha kukua. Kaya zilizo karibu na misitu ya Magamba, Shagayu au Mazumbai, au zilizo chini ya mashamba ya miti, zina haki ya kumhofia kipanga kuliko mwewe.

Baada ya hao wawili wapo wengi ambao husingiziwa. Yule mwenye mgongo mweusi, kifua cheupe na mkia mwekundu, anayekaa juu ya nguzo au kisiki pembeni mwa mashamba ya mahindi, hula hasa panya, mijusi na nyoka. Huenda akamchukua kifaranga siku moja, lakini kazi yake ya kila siku ni shambani. Tai mdogo mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye huonekana mara kwa mara juu ya miti ya kandokando ya barabara, chakula chake kikubwa ni panya. Na yule tai mkubwa wa msituni, mwenye taji la manyoya na kifua chenye madoadoa, huwinda kima, pimbi na paa wadogo. Mkulima ambaye mahindi yake huvunjwa na kima kila mwaka angepaswa kumwona tai huyu kuwa ni askari asiyelipwa mshahara. Jozi moja ya tai hao hulea kinda mmoja tu katika muda wa karibu miaka 2. Akipigwa mmoja, msitu hukaa miaka mingi bila mwingine.

Bundi naye hana budi kutajwa, maana huchukiwa kwa sababu mbili: huhesabiwa kuwa ni uchuro, na hudaiwa kuiba kuku. Usambara ina bundi wake mkubwa wa msituni, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1908 kwa heshima ya Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani wakati wa Wajerumani. Bundi wa aina kubwa aweza kumchukua kuku anayelala mtini au juu ya ukuta wa baraza. Lakini kuku aliyefungiwa bandani hawezi kufikiwa na bundi yeyote, na bundi wa kawaida wa darini huishi kwa kula panya.

Suala la panya si dogo katika wilaya hii. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 Lushoto ilikuwa ndiyo kitovu cha tauni nchini Tanzania. Watu zaidi ya 7,000 waliugua na mamia wakafa, na wazee wa vijiji vingi wangali wanaikumbuka mitoki na nyumba zilizopuliziwa dawa. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Haitakuwa kweli kusema kwamba tai na bundi wangeweza kuizuia tauni. Kinga yake ni usafi wa nyumba, kuhifadhi mahindi mahali ambapo panya hawafiki, kuua viroboto na kuwahi zahanati. Lakini kuwaua kwa makusudi ndege wanaokula panya, katika milima yenye historia hiyo, ni kujiondolea msaada uliokuwa unapatikana bure.

Hali huwa mbaya zaidi pale mfugaji aliyechoka anapoamua kutega nyama yenye sumu ya mashambani. Sumu haichagui. Mbwa wa jirani huila, paka huila, kuku wenyewe huudonoa mzoga, na mtoto anayechunga uani aweza kuishika nyama hiyo kwa mikono yake kabla ya kula chakula. Panya wakifa kwa wingi, viroboto huihama mizoga na kutafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni ya watu wa nyumba hiyo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyamapori bila kibali, na ndege wamo. Kuwaua kwa sumu ni kosa. Katibu wa chama akisikia kwamba sumu ya aina hiyo inatumika kijijini, hapana budi alifikishe jambo hilo kwenye kamati mapema, kabla halijawa jambo la zahanati au la polisi.

Njia iliyo bora ni ya kawaida kabisa, nayo ni kumfungia kifaranga katika wiki zake za hatari. Kifaranga wa wiki 1 hadi 4 hana mbio, wala hana manyoya ya kutosha. Huyu hana sababu ya kuzurura. Tenga kubwa la mianzi au fito, lililofunikwa juu, lamtosha koo mmoja na vifaranga wake 10 katika siku za mwanzo, mradi lihamishwe kila siku hadi kwenye nyasi safi. Kizimba cha mbao chenye wavu wa waya ni bora zaidi. Matundu yake yasizidi nusu inchi, la sivyo panya na nguchiro mdogo watapenya. Usiku tenga au kizimba kiingizwe ndani, kiinuliwe kutoka sakafuni, na sakafu yake iwekwe majani makavu yanayobadilishwa kabla hayajalowa.

Baadhi ya maelekezo ya ufugaji huwashauri wafugaji kumtenga koo na vifaranga mapema ili arudi kutaga. Ushauri huo una faida katika sehemu za joto. Lakini miinuko ya Lushoto, ambayo mingi ipo mita 1,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi, hasa Juni na Julai. Kifaranga asiye na mama huhitaji joto la kuwashiwa, na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa kuku na kwa watu. Kwa hiyo, kwa mwenye tetea wawili watatu, ni afadhali koo abaki na wanawe humo kizimbani kwa wiki 4, hata kama ataanza kutaga tena baadaye kidogo. Atakayemtenga mapema na angoje miezi ya joto.

Vifaranga waliofungiwa hapana budi walishwe, na hapa ndipo wafugaji wengi huvunjika moyo. Chakula chao si kingi. Mahindi yaliyopondwa au pumba, pamoja na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, huwatosha. Majani mabichi ya mboga yanayotupwa sokoni na mashambani yapo tele Lushoto, nayo hutundikwa ndani ya kizimba wakadonoa. Funza na wadudu wa kwenye lundo la samadi ni nyongeza nzuri. Maji yawekwe katika chombo chembamba, kwa kuwa kifaranga huweza kuzama katika bakuli. Gharama ya kuwalisha vifaranga 10 kwa mwezi mmoja ipimwe kwa thamani ya kuku 4 wazima watakaosalia, wala isipimwe kwa thamani ya vifaranga.

Kuanzia wiki ya 5 vifaranga huweza kufunguliwa saa chache alasiri, mtu mzima au mtoto mkubwa akiwa karibu, na kuanzia wiki ya 8 waachiwe kama kuku wengine. Wakati huo ndipo ua wenyewe unapotakiwa kuwa na kinga. Kinachomwokoa kuku mbele ya mwewe ni mahali pa kukimbilia palipo ndani ya hatua 5 au 6. Ua uliofagiwa ukawa mweupe kama uwanja wa mpira hupendeza macho ya mgeni, na ya mwewe pia. Mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliojulikana kwa jina la SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981, uliwahimiza wakulima kupanda mistari ya majani ya Guatemala na mabingobingo kwenye kontua ili kuzuia mmomonyoko na kulisha ng'ombe. Mistari hiyo hiyo, ikiachwa karibu na nyumba na isikatwe yote kwa siku moja, ni maficho bora ya vifaranga. Mahali ambapo haipo, meza ya fito yenye kimo cha goti, iliyoezekwa kwa majani ya migomba na kuwekwa katikati ya ua, hufanya kazi ile ile.

Nyuzi za kutandaza juu ya ua husaidia dhidi ya mwewe, kwa sababu ndege huyo, mabawa yake yakikunjuliwa, hufikia kadiri ya mita 1 na nusu, naye huogopa kuyagonga. Nyuzi zifungwe kwenye nguzo zilizo juu kuliko kichwa cha mtu mzima, zikiachana kwa nafasi isiyofika mita 1, na vipande vya kitambaa cheupe vifungwe juu yake ili zionekane. Dhidi ya kipanga, anayekuja chini chini, nyuzi hizo hazina maana kubwa. Kwa huyo dawa ni kukata matawi makavu yanayoinamia uani anakopenda kutulia, na kuhakikisha kwamba maficho ya vifaranga ni ya chini na yenye msongamano asikoweza kuingia. Sanamu za watu, makopo ya kugongana na utepe wa kaseti unaolia kwa upepo hufukuza ndege kwa siku kadhaa, kisha ndege hugundua kwamba ni kelele tupu. Atakayevitumia na avihamishe kila baada ya siku chache. Wapo pia wanaowapaka vifaranga rangi wakitumaini kwamba mwewe atashangaa. Mwenye kizimba hahitaji bahati hiyo.

Msaada ambao wengi hawauhesabu ni jogoo mzima. Wataalamu wa tabia za wanyama wamethibitisha jambo ambalo akina mama walikuwa wakilijua kwa masikio: kuku wana mlio mmoja kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini. Wasikiapo ule wa kwanza, kuku hukimbilia kivulini na kuinama. Wasikiapo wa pili, husimama wima wakitazama huku na huko. Kaya inayouza jogoo wake wote wakati wa sikukuu hujiuzia mlinzi. Kadhalika matetea hawalingani kwa ukali. Yupo ambaye humrukia mwewe kwa mabawa na kucha, na yupo ambaye hukimbia akiacha wanawe. Yule mkali ndiye wa kuatamishwa mayai, hata ya wenzake. Yule mwoga aachwe atage tu.

Juhudi hizi zote zaweza kupotea kwa wiki moja tu pindi mdondo, ambao wengine huuita kideri, unapoingia kijijini. Hakuna mwewe aliyewahi kumaliza kuku wa kijiji kizima; mdondo hufanya hivyo. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania na huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Tatizo lake ni kwamba chupa moja huwatosha kuku wengi kuliko walio nao mwanachama mmoja, na ikishafunguliwa haifai kuwekwa siku nyingi. Mwenye kuku 8 akiambiwa anunue chupa peke yake, ataahirisha. Hapa chama cha msingi kina kazi ambayo mtu mmoja mmoja hawezi kuifanya: kupanga siku moja, kukusanya mchango mdogo wa kila kuku, na kumwita Bwana au Bibi Mifugo apite nyumba kwa nyumba jioni, kuku wakiwa wameingia ndani.

Wavu wa waya nao huuzwa kwa mzingo mzima, na bei yake humshinda mwenye tetea wawili. Chama kikinunua mzingo mmoja na kuwakatia wanachama kwa mita, kwa fedha taslimu au kwa mkopo unaokatwa kwenye malipo ya mazao, kila kaya hupata kizimba bila ya kuona uzito. Wasusi wa matenga wapo karibu kila kijiji. Wakipewa kipimo kimoja na oda ya matenga 20, watauza kwa bei nafuu kuliko tenga moja moja. Mambo haya yafanywe kwa azimio la mkutano, na stakabadhi zitolewe kama kwa pembejeo nyingine.

Katibu aanze na daftari moja. Ukurasa wa kila mwanachama uwe na safu za tarehe ya kutotolewa, idadi ya vifaranga, waliopotea mchana, waliopotea usiku, waliokufa kwa ugonjwa, na waliosalia baada ya wiki 8. Asiyejua kuandika apeleke hesabu yake kwa mdomo siku ya kupima mazao, na mke wa mwanachama apokelewe kama mwanachama mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi ndiye mwenye habari. Baada ya mitotoo miwili daftari litaonyesha kama adui wa kijiji hicho yuko angani, yuko shimoni au yumo ndani ya banda lenyewe, na kamati itajua kama mzingo wa wavu utangulie chanjo au chanjo itangulie wavu.